Baridi Iliyopanda Ngazi

Simu ililia wakati Marlys anatoa mkate wa iliki kwenye oveni. Kilichoita ni kihisi cha chumba cha chini ya nyumba, kisanduku cheupe kinachotosha kiganjani, kilichobandikwa kando ya bomba la maji. Kilisema bomba linaganda.

"Rudy! Huko chini kunaganda."

"Kunaganda wapi? Nimetoka huko sasa hivi, angalia jasho hili!"

Rudy Kangas, mumewe, alikuwa dereva wa greda la theluji, mtu wa mabega mapana na masihara mengi. Mwaka uliotangulia bomba lilipasuka wakiwa safarini Duluth, wakarudi na kukuta jiko limegeuka uwanja wa barafu. Ndipo alipoapa kuweka vihisi nyumba nzima, vya kupiga kelele baridi ikizidi, na joto likizidi vilevile. Havikuwa na waya, vilituma habari hewani hadi kwenye simu. Rudy alivifunga kwa uangalifu. Alifuta ukuta kwanza ili gundi ishike, akaviweka mbali na dirisha na mbali na moto, kisha akavijaribu kimoja kimoja kwa mfuko wa barafu na mashine ya kukaushia nywele.

Hicho cha chini alikiweka palipokuwa na bafu la mvuke la babu yake. Wakati wa kiangazi alilibomoa apate nafasi ya tangi la maji ya moto, na mawe yake meusi akayatupa ziwani. Marehemu babu, kila alipomaliza kuoga, aliacha mvuke wa mwisho bila kuutumia na hakuruhusu mtu kurudi ndani. Alisema ni zamu ya mwenye bafu, yule asiyeonekana aishiye katika joto lake. Rudy alimsimulia mkewe huku akicheka mpaka machozi.

Sasa alishuka na betri mpya mfukoni, akabadilisha, akapanda. "Betri ilichoka tu, mama."

Kabla hajakaa, simu ikalia tena. Safari hii kilikuwa kihisi cha ngazi.

Marlys akasikia harufu ya jivu lililolowa, na ndani yake harufu ya ngozi iliyoungua.

"Labda upepo," Rudy alisema. Uso wake haukuwa na mzaha tena.

Kikaita cha ukumbini. Mlango wa chini ulikuwa umefungwa, na nje dhoruba ilikuwa imeufanya mchana mweupe kama ukuta, lakini kule ukumbini mbao za sakafu zililia moja baada ya nyingine, taratibu, kama zinavyolia mtu mzito anapotembea bila viatu.

"Rudy," Marlys alinong'ona, "kinakuja huku."

Alimpigia shangazi yake Rudy, Impi, aliyekaa ng'ambo ya barabara, mpiga chuku wa mwisho katika kijiji kile, mganga wa kufyonza damu mbaya kwa pembe. Bibi alisikiliza, kisha akafoka: "Mlimtoa mwenye bafu kwenye joto lake mkadhani ataenda wapi? Mshike mumeo! Usimwachie!"

Rudy alikuwa ameshainua spana kubwa na kuingia ukumbini. Marlys alisikia pigo, halafu mfupa ukivunjika, halafu mumewe akipiga yowe ambalo hakujua kama mwanamume yule analo kifuani, na alipofika alimkuta anaburutwa kwa mguu kuelekea ngazini na kitu asichokiona, kucha za Rudy zikiacha michirizi ya damu kwenye mbao, spana imeganda kiganjani na ngozi imeng'oka nayo, huku bomba la ukutani likipasuka na kumwaga maji yanayochemka juu ya mgongo wake, na vihisi vyote vikipiga kelele pamoja, baridi na moto, moto na baridi, kana kwamba nyumba yenyewe imeshikwa na homa. Marlys alimkamata kwapani akavuta. Kitu kile nacho kikavuta. Bega la Rudy likaachia kiungo chake mikononi mwake.

Mlango wa nje ukabamizwa. Impi aliingia na theluji mabegani, mkononi fungu la matawi ya mti wa mbetula, yale ya kujichapia kwenye bafu la mvuke, mfukoni pembe zake za chuku.

"Toka kwa mtoto wa kaka yangu, wewe!"

Alimchapa Rudy mgongoni, kwenye malengelenge yaleyale, bila huruma, mpaka ngozi ikachanika. Kitu kikamshika bibi mkono na kuupinda nyuma mpaka ukavunjika kama kijiti. Hakulia. Kwa mkono uliobaki mzima alibandika pembe kwenye jeraha la Rudy, akaweka mdomo kwenye ncha yake, akafyonza, akatema. Kilichodondoka sakafuni kilikuwa kipande cha barafu nyeusi, nacho kilijikunjakunja kama funza. Impi alikikanyaga hadi kikatoa moshi.

Vihisi vikanyamaza vyote kwa mpigo mmoja.

"Ametoka," bibi alisema, akihema. "Tuondoke hapa. Huyu anataka hospitali, na mimi pia."

Marlys alimpakia Impi kwenye pikapu, akakaa kwenye usukani na kuwasha injini. Dhoruba ilikuwa imetulia. Rudy alikataa kubebwa, akaja mwenyewe kwa hatua za polepole, amejifunga blanketi, akitabasamu.

"Nisubirini, wapenzi wangu," aliita.

Mbele ya uso wa Marlys pumzi ilitoka nyeupe kama moshi. Ya bibi vilevile. Marlys alimtazama mumewe akifungua kinywa, akiita tena kwa sauti kubwa katika baridi ile ya kukata masikio, na mdomoni mwake hamkutoka hata uzi wa mvuke.

"Shangazi," alisema taratibu, "mtazame pumzi."

Impi alitazama. Akaanza kulia kimyakimya.

Marlys akafunga milango kwa ndani. Rudy alifika dirishani, akaweka kiganja kisicho na ngozi kwenye kioo, na upande wa ndani, ule wenye joto, barafu ikaanza kuchanua.

"Mke wangu," alisema yule wa nje, kwa upole, "nasikia baridi."

Marlys akaingiza gia.