Mbuluu Kwenye Jukwaa la Wekundu

Mvua ya Novemba haina adabu. Iliwashukia watu wa Barabara ya Duarte Jumapili asubuhi bila kupiga hodi, ikawalowesha wauza soksi, wahubiri na vibaka kwa usawa, na ikamkuta Radhamés Tineo, fundi wa majokofu, amesimama katikati ya njia na shati jeupe lililopigwa pasi na mama yake. Akakimbilia meza ya muuza kofia.

"Nipe ya buluu, kaka."

"Za buluu zimekwisha tangu jana. Zimebaki nyekundu."

Ifahamike kwamba mji wa Santo Domingo, kule Jamhuri ya Dominika, una timu mbili za besiboli, ya buluu na nyekundu, na kwamba mtoto wa hapo hupata rangi kabla hajapata jina. Radhamés alizaliwa Mbuluu. Babu yake alizikwa na jezi ya buluu. Kwa mtu kama huyu, kuvaa kofia nyekundu ni sawa na padri kukutwa baa: pengine maelezo yapo, lakini nani atayasikiliza? Hata hivyo maji yalikuwa yanamtiririka mgongoni. Akatazama mbinguni, akamwomba babu radhi, akaivaa.

Hakufika mbali.

"Wewe! Mwenye kofia nyekundu! Ndiyo unafika saa hizi?"

Aliyemwita alikuwa binti mrefu, jezi nyekundu ameifunga fundo kiunoni, suruali ya jinzi ameikunja juu ya vifundo vya miguu, hereni kubwa kama bangili, na nywele zilizokataa katakata kushindwa na mvua. Mkononi alishika kijibendera. Nyuma yake kundi la watalii lilijikunyata chini ya turubai la muuza viazi kama vifaranga.

"Mimi?"

"Hapana, mjomba wako! Ofisi imeniambia msaidizi wangu atavaa kofia nyekundu. Shika bendera, kaa mkiani, hesabu vichwa kila kona. Akipotea mmoja nakukata masikio. Unaitwa nani?"

"Radhamés."

"Mimi Yudelka. Usichekecheke, tembea."

Mtu mwenye akili timamu angesema, dada, umenifananisha. Radhamés alikuwa na akili timamu mpaka alipoyatazama yale macho. Akashika bendera.

Ndivyo alivyojikuta mkiani mwa ziara ya kutwa ya Yudelka Polanco: mitaa asubuhi, besiboli jioni. Walikunywa kahawa mtaa wa San Carlos, vikombe vidogo kama vya wanasesere. Walisimama kwenye duka la kona ambako wazee walikuwa wakipiga vipande vya domino mezani kama watu wanaoua nyoka. Kisha Yudelka akatangaza kwamba wageni watafundishwa kucheza bachata, na kwamba msaidizi atakuwa mfano.

"Mkono chini kidogo," akamnong'oneza.

"Hapa?"

"Nimesema kidogo! Watu wanapiga picha."

Saa sita mchana msaidizi halisi akatokea, na kofia yake nyekundu, na habari ndefu kuhusu shangazi mgonjwa. Yudelka akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Sasa wewe ni nani?"

"Fundi wa majokofu."

"Na umenifuata tangu asubuhi kwa sababu gani?"

"Ulisema utanikata masikio."

Yudelka alicheka mpaka akashikilia nguzo ya umeme. Kisha akaigonga ile kofia kwa kidole. "Haya, angalau u Mwekundu mwenzetu. Maana Mbuluu simpi hata maji ya kunawa. U Mwekundu, sivyo?"

Radhamés akaivuta kofia mpaka masikioni. Kama babu alisikia kule aliko, basi alinyamaza kwa kuheshimu warembo.

"Tangu tumboni," akasema Radhamés.

Penzi likaota kama uyoga. Simu zikaanza kulia mchana, fundi akiwa kazini.

"Uko wapi, asali?"

"Ndani ya jokofu la mchinjaji."

"Kuna baridi?"

"Ilikuwepo. Umepiga, imekimbia."

"Mwongo wewe. Hebu sema tena."

Kila Jumapili alikuwa mkiani mwa ziara bila mshahara, na kila Jumapili jioni alikuwa kwenye jukwaa la Wekundu, amebanwa kati ya Yudelka na baba yake, Mzee Fausto, mwenye tumbo kama ngoma na imani moja tu hapa duniani. Mzee alimpenda kijana. Akamzawadia jezi nyekundu aliyowahi kuivaa yeye mwenyewe enzi za wembamba. Radhamés aliimba wimbo wa Wekundu, mkono kifuani. Wekundu walipowafunga Wabuluu, alipiga makofi kama mtu anayeua mbu gizani. Aliporudi nyumbani aliificha ile jezi kwenye sanduku la vifaa, chini ya bisibisi, akaenda kusali.

Tatizo lilikuwa hapo hapo nyumbani.

"Mbona hunipeleki kwenu?" Yudelka aliuliza.

"Panapakwa rangi, malkia wangu."

Wiki zikapita. "Bado mnapaka? Kwani mnakaa kanisa kuu?"

Angemwambia nini? Kwamba ukuta wa kwao ni wa buluu, mapazia ya buluu, hata bakuli la mbwa la buluu? Kwamba akimpeleka, atampoteza mlangoni? Kwa hiyo aliendelea kupaka rangi kwa mdomo. Yudelka naye akaanza kukata simu mapema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha piga hesabu na kupata jibu baya.

Hapo ofisi ya ziara ikaingilia kati, kama kawaida ya ofisi, bila kujua lolote.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Desemba, Wekundu na Wabuluu wanakutana jioni. Basi la watalii lilivuka daraja la mto Ozama. Radhamés, ndani ya jezi ya Mzee Fausto, akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Hatuli kulekule leo?"

"Wamebadilisha asubuhi hii," alijibu Yudelka bila kumtazama. "Kuna mama huku Villa Duarte. Wanasema sancocho yake, ule mchuzi mzito wa nyama na mihogo, inafufua maiti."

Basi likasimama mbele ya geti la buluu.

"Nimeumwa ghafla," alisema Radhamés. "Nitabaki garini."

"Ni njaa hiyo. Shuka."

Mama Eneria, mwanamke mfupi mpana mwenye aproni ya buluu, alikuwa ameshasimama uani na upawa mkononi, sufuria inafuka nyuma yake. "Karibuni, wageni, karibuni nyumb..." Upawa ukabaki hewani.

Mtoto wa kule hamwoni mzazi wake bila kuomba baraka. Awe na ndevu, awe na wajukuu, ataomba. Radhamés akainamisha kichwa.

"Nibariki, mama."

"Nimbariki nani?" Sauti ya Mama Eneria ilisikika mpaka mtoni. "Mimi nina mwana mmoja, na mwanangu hana nguo ya namna hiyo! Bikira wa Altagracia, nishike! Ivue hiyo laana, ndipo uniite mama!"

"Mama, kuna wageni..."

"Wageni washuhudie!"

Watalii wakapiga makofi. Bibi mmoja Mkanada, mwenye kofia pana ya majani, alimvuta Yudelka mkono akauliza kwa heshima kama mchezo huo huonyeshwa kila Jumapili.

Yudelka alikuwa akitazama ukutani, penye picha ya Radhamés mwenye meno mawili, kavaa buluu mpaka soksi.

"Nilidhani una mke," alisema taratibu. "Wiki zote hizi nimemlilia mke ambaye hayupo."

"Basi si afadhali?" alisema Radhamés, ambaye hekima yake ilikuwa imeisha tangu darajani.

"Afadhali? Mke ningemng'oa nywele! Huyu wa buluu nimng'oe nini?" Kisha utani ukamtoka usoni. "Ulikaa karibu na baba yangu, ukaimba wimbo wetu, mkono kifuani. Ukaniambia unanipenda kwa sauti ileile. Sasa nitajuaje lipi lilikuwa kweli?"

Akamnyang'anya bendera. Wageni walikula, sancocho ikafufua waliokuwepo, Yudelka akahesabu vichwa mwenyewe, na basi likaondoka. Radhamés akapiga simu. Ikalia, ikakatwa. Akapiga tena. Imezimwa.

Mama Eneria alikuwa akisugua sufuria kwa hasira. "Ni huyo?"

"Ndiye."

"Mwekundu?"

"Mpaka unyayo."

"Unampenda?"

"Niliimba wimbo wao, mama. Beti zote."

Mama akafanya ishara ya msalaba, akaketi kwenye ndoo. "Maskini mwanangu. Basi unampenda kweli." Akaingia ndani, akatoka na jezi ya buluu iliyonyooshwa kwa pasi. "Kama unakwenda kuomba msamaha, nenda ukiwa wewe. Mungu akubariki. Na usirudi na mafuta ya hotidogi."

Saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado kali juu ya nyasi, Mbuluu mmoja alipanda ngazi za jukwaa la Wekundu. Maganda ya karanga yalimwagika juu yake kama mchele wa harusi.

"Mwana mpotevu, kwenu ni upande wa pili!"

"Mwacheni, amekuja kukata roho karibu na makaburi!"

Alipita, akaketi karibu na Mzee Fausto. Mzee akamkagua kutoka kola hadi pindo.

"Kijana. Umepatwa na nini?"

"Nilizaliwa hivi, mzee. Nilikudanganya. Naomba unisamehe."

Mzee Fausto alichukua chupa yake ya bia, akaihamishia upande wa pili.

"Yudelka," aliita Radhamés.

"Niko kazini." Binti akawageukia wageni wake. "Tunaendelea. Huyu hapa ni Mbuluu. Wanapatikana zaidi ng'ambo ya mto. Tafadhali msiwalishe."

Mchezo ukaenda, Wekundu wakiongoza. Radhamés alikaa na mikono magotini. Kila alipofungua mdomo kuomba msamaha, Yudelka aliwaeleza watalii jambo jipya kuhusu tabia za Wabuluu. Ikafika zamu ya tisa kati ya tisa. Wabuluu walikuwa na wakimbiaji wawili njiani, na mpigaji wao, pande la mtu, akakizungusha kigongo. Paa! Mpira ukapaa, ukapaa, ukavuka ukuta. Wote watatu wakazunguka mpaka kituo cha nyumbani, alama tatu kwa mpigo. Sasa Wabuluu walikuwa mbele.

Jukwaa la Wekundu likanyamaza kama nyumba ya msiba.

Mpenzi mwenye busara angekohoa kidogo na kutazama viatu vyake. Radhamés alilijua hilo. Alijua pia kwamba akikohoa tu, atakuwa amedanganya tena. Akasimama. Akapiga ukelele ambao mama yake huenda aliusikia bila redio. Akarusha mikono, akakata kiuno, akacheza peke yake katikati ya bahari nyekundu, huku bisi na vikombe vikimtua mgongoni. Aliporudi kwenye fahamu, Yudelka alikuwa akimkodolea macho.

"Nisamehe," alisema akihema. "Lakini ndiyo kweli yenyewe."

"Fanya tena."

"Nifanye nini?"

"Huo uso." Machozi yalikuwa yakimlengalenga, na chini ya machozi kicheko kilikuwa kikitafuta njia. "Kila tuliposhinda nilikugeukia wewe kwanza. Nikaona mtu anayesubiri kung'olewa jino. Nikasema, huyu hana raha na mimi. Nikasema atanioa hivyo, atazeeka hivyo, akinitazama kama mlango wa hospitali. Nilikuwa nimeamua tuachane, Radhamés, leo hii, baada ya mchezo. Kumbe uso mwingine unao!"

"Ninao. Niliuficha chini ya bisibisi."

"Mjinga wewe."

"Sana. Sikudanganyi tena, Yudelka. Hata kwa jambo dogo. Baba yako hukoroma mchezo ukiendelea, nalo nililificha."

"Nasikia!" alisema Mzee Fausto.

Radhamés alihisi gunia likimtoka mabegani, gunia alilolibeba tangu Barabara ya Duarte. Wepesi ulimpanda kichwani. "Nataka nikuoe," akasema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Ngoja kwanza, ni zamu yetu kupiga."

Akangoja. Ilikuwa zamu ya mwisho. Yudelka alipanda juu ya kiti, ngumi amezibana kidevuni, hereni zinayumba. Mwekundu mmoja akatolewa. Wa pili akatolewa. Wa tatu akasimama na kigongo, akakosa, akakosa tena.

"Unaomba nini hapo?" aliuliza Yudelka bila kugeuka.

"Naomba akose," alisema Radhamés.

"Vizuri. Angalau ni kweli."

Akakosa. Mchezo ukaisha.

Ng'ambo ya pili ya uwanja bendera za buluu zililipuka. Upande huu Mzee Fausto alijifunika uso kwa kofia. Yudelka alibaki juu ya kiti muda mrefu, akitazama nyasi kama mjane. Kisha akashuka, akasimama mbele ya Radhamés, akamfuta bisi kwenye nyusi.

"Ndiyo," akasema.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo nitaolewa na wewe, mpuuzi. Lakini huo uso wako wa furaha uufiche mpaka Jumatano. Nina msiba."

"Na harusi isiwe msimu wa besiboli," ilisema sauti kutoka chini ya kofia.

Radhamés aliinamisha kichwa. Alishusha mashavu. Alikunja paji la uso, akafikiria majokofu mabovu, kodi ya nyumba na siku ya kiama. Mungu ni shahidi, alijitahidi kweli. Hakuweza.