Maziwa ya Qali

Qali alianguka kabla Kerrow hajazima injini ya Landrover.

Kwa miaka miwili muuza maziwa huyu wa Garissa alikuwa macho na masikio ya Kerrow, afisa wa ujasusi, dhidi ya walanguzi wa silaha. Leo, kabla ya kupeleka kibuyu cha maziwa kwenye baraza la amani, alionja kwanza.

Alikuwa akihema, midomo myekundu kupita kiasi.

Sianidi!

Kerrow alisomea udaktari wa mifugo chuoni Kabete. Huko aliwahi kuona ng'ombe waliokula mtama mchanga wakifa hivihivi. Hewa imejaa tele kwenye damu, lakini ndani ya seli, kwenye mitokondria, sumu imekibana kimeng'enya cha mwisho, kile kinachoitumia hewa hiyo kugeuza chakula kuwa nguvu. Jiko lina kuni, lina upepo, na bado moto unazimika.

Redio ilikoroma, ikimwita Kerrow kwa jina lake la siri. "Korongo, filamu tayari? Baraza linaanza. Ova."

Filamu ya Minox, kamera ndogo ya kijasusi, ilikuwa na sura ya msaliti aliyepigwa picha kwa mbali akipokea silaha kule Hulugho: Gelle au Jama, wafanyabiashara wawili, wote wajumbe wa baraza. Ilingoja tu thiosulfeti, chumvi ya kuimarishia picha, la sivyo mwanga ungeifuta. Ilibaki pakiti moja.

Chumvi hiyohiyo ndiyo dawa waliyodungwa ng'ombe walionusurika sumu ile.

"Filamu kwanza, Korongo! Ova."

"Hakuna filamu." Akazima redio.

Aliikoroga chumvi kwa maji yaliyochemshwa, akaivuta kwenye sindano, akamdunga Qali mshipani. Aliogopa, aliogopa sana.

"Abaayo, dada yangu, usiniache! Wallahi nakuomba!"

Sindano iliisha.

Halafu Qali akavuta pumzi ndefu.

"Nani aligusa kibuyu?" Kerrow aliuliza.

"Gelle... na Jama. Wote walifungua. Walisema wanaangalia maziwa."

Kerrow alimlaza ndani ya gari, akachukua kibuyu kingine cha Qali, pacha wa kile chenye sumu, chenye maziwa salama. Akaingia barazani.

"Qali anawasalimu," alisema, akakipitisha kibuyu kwa wajumbe.

Jama alipiga funda kubwa. "Alhamdulillahi!"

Kibuyu kikamfikia Gelle. Akarudi nyuma.

"Tumbo yangu iko mbaya leo."

Wazee waligeuka kumtazama. Hapa hakuna anayekataa maziwa ya ngamia.

"Kunywa, adeer," Kerrow alisema taratibu, akimwita ami kwa heshima.

Mkono wa Gelle ulishuka kiunoni. Bastola ya Kerrow ilikuwa tayari imemgusa paji la uso.

Askari waliolinda baraza walipomfunga Gelle pingu, Kerrow aliinua kibuyu, akanywa yaliyobaki yote mbele yake. Akajifuta mdomo, akatoka kumpeleka Qali hospitali.