Kanda ya Harusi kutoka Toronto

Mjomba wangu Melkiori alikuwa fundi redio Singida Mjini. Hakuwa mtu wa kutia chumvi. Mkasa huu alinisimulia mara mbili, miaka mbalimbali, na hakubadilisha kitu. Yale ambayo hakuyaona yeye, nilimuuliza Leela, mwenye kanda.

Ilikuwa Jumapili, mwishoni mwa mwaka 1983. Mjomba alikuwa ametoka kanisani, anakula ugali kwa mlenda, Bwana Ladha alipofika mlangoni. Ladha alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko. Alikaribishwa kiti, akakataa.

"Fundi, njoo na vifaa vyako. Lakini usivibebe wazi."

Mwaka ule ulikuwa wa msako wa wahujumu uchumi. Watu walifukia sabuni na vitenge ardhini. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni, na aliyekutwa na televisheni alikuwa na maswali ya kujibu. Ladha alikuwa nayo, pamoja na deki ya video. Vyote vilitoka Unguja, vikaingia mjini chini ya magunia ya nazi.

Sebuleni madirisha yalikuwa yamefunikwa mablanketi. Leela, mke wa Ladha, alikuwa amevaa kama mtu anayekwenda harusini. Binti yao wa pekee, Urmila, alikuwa ameolewa Toronto miezi michache iliyopita. Wazazi hawakupata fedha za kigeni za kusafiria. Sasa ndugu mmoja alikuwa amewaletea kanda.

"Shikamoo, mama," Mjomba alisema.

"Marahaba. Nioneshe mwanangu, Melkiori. Hata kidogo tu."

Kanda ilikuwa imerekodiwa kwa mfumo wa Amerika. Deki na televisheni vilikuwa vya mfumo mwingine, ule uliotumika Unguja. Mjomba aliwahi kusikia kwamba mifumo hiyo haipatani, na sasa aliona kwa macho. Picha ilitoka, lakini haikuwa na rangi, na haikutulia. Ilipanda, ikakatika juu ya kioo, ikaibuka tena chini, ikapanda. Nyimbo zilitoka nzito na za polepole.

"Harusi gani hii?" Ladha alinong'ona. "Hata bwana harusi kapanda lifti."

Leela hakucheka.

"Yule mbona hapandi?" aliuliza.

Nyuma ya kiti cha bibi harusi, mbali kidogo, alisimama mwanamke. Wageni wote walipanda na kupotea. Yeye alibaki palepale. Harusi nzima ilikuwa nyeusi na nyeupe. Sari yake ilikuwa ya kijani.

Mjomba alidhani ni doa kwenye kioo. Alichukua kitambaa, akafuta. Doa likapepesa macho.

Alijiambia kwamba amekosea kuona. Nyuma ya televisheni kulikuwa na kitufe kidogo cha kutuliza picha inayopanda, na kazi aliyoitiwa ilikuwa hiyo. Akaenda nyuma, akaingiza bisibisi, akazungusha taratibu. Kutoka pale hakuweza kuona kioo. Aliona nyuso mbili tu zilizokuwa zikitazama.

Harusi ikatulia. Leela akamwona mwanawe, ameketi, shingo imeinama kwa uzito wa dhahabu. Akatabasamu.

Kisha tabasamu likaondoka. Yule mwanamke alikuwa ameanza kutembea.

"Ladha," Leela alisema. "Ni Kamla."

Kamla alikuwa mke wa kwanza wa Ladha. Alifia Singida kabla Leela hajaolewa. Katika ukoo wao, mke wa pili huvaa shingoni kidani chenye alama ya nyayo za mke aliyetangulia. Marehemu hupewa mahali pake, asije akajitafutia kwa mtu mwingine. Leela alikivaa tangu siku ya ndoa. Msako ulipoanza, alikusanya dhahabu yote ya nyumba, akaishona kwenye mapindo ya nguo za Urmila kabla binti hajapanda ndege. Kidani kilikuwa humo. Kilikuwa dhahabu kama dhahabu nyingine. Hakufikiria zaidi ya hapo.

"Kakivaa," Leela alinong'ona. "Mwanangu kakivaa."

Hakuweza kupiga kelele. Nje kulikuwa na majirani.

Kamla alipita katikati ya wageni. Hakuna aliyegeuka. Hakuna aliyempisha. Alifika kwenye kiti. Mkono ukatoka ndani ya sari.

"Fundi, rudisha," Ladha alinong'ona. "Picha ipande. Rudisha."

Mjomba alizungusha. Kitufe kilikuwa kizito. Alizungusha tena, kwa mikono miwili. Picha ikatikisika, ikaanza kupanda.

Kamla akasimama. Mkono wake ulibaki umenyooshwa katikati ya kioo. Urmila alipanda, akapotea, akaibuka chini, akapanda tena. Kila alipopita, alipita chini ya mkono ule. Kila alipopita, vidole vilikuwa vimekunjwa zaidi.

Ladha aling'oa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi. Nukta moja ya mwanga ilibaki katikati, kama ilivyo kawaida ya televisheni za zamani. Ilikuwa ya kijani.

Kesho yake walikaa posta tangu asubuhi wakisubiri laini ya Toronto. Urmila alicheka aliposikia sauti ya mama yake ikitetemeka. Alisema ni mzima. Bega tu lilikuwa linamuuma, tangu jana.

"Kivue hicho kidani," Leela alimwambia. "Kivue sasa hivi, halafu unirudishie mwenyewe, mkononi."

Urmila alikuja mwaka uliofuata. Leela alikipokea kidani, akakivaa kabla hata ya kumkumbatia mwanawe. Kisha akamkalisha ampake mafuta ya nywele, kama alivyofanya alipokuwa mtoto. Alisogeza nguo begani.

Karibu na shingo palikuwa na alama nne za kijani, zimepangana. Leela alisugua kwa sabuni. Alisugua kwa mafuta ya taa. Hazikutoka.

"Sari ilichuja rangi, mama," Urmila alisema. "Ile ya harusi."

Sari ya harusi Leela aliichagua mwenyewe, dukani kwao. Ilikuwa nyekundu.