Nani Alifunga Bao la 1934?

Jumamosi, saa nne na robo asubuhi, Noreen Bickerdike aliingia ukumbi wa chai wa Ormsdale Town akiwa na kapu la jezi alizozifua, akakuta kabati la vioo liko wazi. Kioo hakikuvunjwa. Kufuli halikuwa na mkwaruzo. Glovu za kipa wa mwaka 1922 zilikuwa mahali pake, na kikombe cha ushindi chenye mkono mmoja kilikuwa mahali pake. Kilichokosekana ni kimoja tu: daftari.

Noreen aliweka kapu chini, asiguse kitu. Jana yake, saa kumi na moja jioni, alikuwa amelipangusa kabati lile vumbi kwa mkono wake mwenyewe, na daftari lilikuwemo, jalada jekundu limeelekea ukumbini. Hilo alilishika kichwani kwanza, kabla ya kumwita mtu.

Ormsdale Town ni timu ya daraja la saba. Watazamaji mia tatu, jua likiwaka mia nne. Timu ya namna hiyo haina nyota, ina kumbukumbu. Daftari lile liliandikwa na katibu wa zamani tangu 1898 hadi 1951: kila mchezo, nani alicheza, nani alifunga, dakika ya ngapi. Lilikaa juu ya dari la nyumba ya mjukuu wake mpaka Februari mwaka huu, ndipo akalileta klabuni ndani ya mfuko wa viazi. Alikabidhiwa mzee Wilf Garside, mwenye miaka themanini na tatu, mtu ambaye kwa miaka sitini na moja hajakosa mchezo wa nyumbani hata mmoja. Ufunguo wa kabati aliuvaa shingoni kwa kamba. Kwa kuwa macho yake yana mtoto wa jicho, alikuwa akisoma ukurasa mmoja tu kila Jumamosi. Alikuwa amefika 1929.

Na leo haikuwa Jumamosi ya kawaida. Tarehe 13 Januari 1934, Ormsdale waliifunga Kingsmoor Albion, timu ya daraja la kwanza, bao moja kwa bila katika Kombe la FA. Jambo hilo kila mtoto wa mji ule analijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Leo saa nane mchana kibao cha shaba kingezinduliwa ukutani, kikiwa na jina la mfungaji, Albert Thwaite. Mzinduzi ni binti yake, Bi Edna, miaka themanini na minane. Mwanawe Bi Edna, Clive Umpleby, ambaye huandika mambo ya historia kwenye programu ya mechi, angeuza kitabu chake kipya, nakala mia nne. Kisha mzee Wilf angefungua daftari kwenye ukurasa wa siku ile, watu wote waone.

Mwenyekiti Glenys Horrocks alifika saa nne na dakika arobaini. Aliliangalia kabati mara moja tu.

"Ufunguo uko kwa nani?"

"Kwa mzee Wilf," Noreen akasema. "Lakini mwenyekiti..."

"Basi."

Mzee Wilf alipotokea mlangoni saa tano, skafu ya njano shingoni, hakupewa hata nafasi ya kuvua kofia.

"Wilf, daftari liko wapi?"

"Kabatini. Liwe wapi tena?"

"Halimo. Na kabati limefunguliwa kwa ufunguo."

Mzee akapapasa kifuani. Ufunguo ulikuwepo. Akautazama kana kwamba ndio uliomsaliti.

"Glenys, mimi nimekujua ukiwa unanyonya. Unaniita mwizi?"

"Sijakuita kitu. Nasema niachie ufunguo, uende nyumbani. Nina wageni, nina watu wa gazeti. Likipatikana, tutaongea."

"Leo kuna mechi."

"Leo hutaingia, Wilf."

Watu watano walikuwa wameshasimama mlangoni wakisubiri chai, na wote walisikia. Mzee aliivua ile kamba shingoni, akaiweka juu ya meza, akatoka. Hakwenda nyumbani. Alikwenda kukaa kwenye benchi nje ya geti, ng'ambo ya barabara, mgongo wake umeelekea uwanjani.

Noreen alimfuata na kikombe cha chai.

"Usinionee huruma," mzee akasema.

"Sina huruma, nina maswali. Nani mwingine amelishika daftari wiki hii?"

"Hakuna." Akafikiri. "Clive. Jumatatu. Aliliomba dakika kumi tu, akaangalie jambo. Akalirudisha, akaaga, akaenda zake."

"Hakusema aliangalia nini?"

"Hakusema kitu. Nikashangaa. Yule ukimuuliza saa ngapi, anakueleza saa ilivumbuliwa na nani."

"Na ufunguo haujakutoka?"

"Naoga nao, binti yangu."

Noreen alirudi ndani. Kuhusu ufunguo, yeye alijua jambo ambalo mwenyekiti alilisahau. Kabati la vioo na kabati la jezi yalinunuliwa pamoja shule moja ilipofungwa, na makufuli yake ni pacha. Ufunguo wa kabati la jezi huning'inia kwenye msumari juu ya mashine ya kufulia, na mashine iko kwenye korido ambayo kila mtu hupita. Akaujaribu. Kufuli la vioo likafunguka bila ubishi.

Kwa hiyo mwizi angeweza kuwa mtu yeyote aliyewahi kuyabeba makabati yale. Akawahesabu: yeye mwenyewe, Glenys, Clive, na Dez Crabtree, mtunza uwanja.

Ndipo akaona alama. Kwenye ukingo wa mlango wa kabati, upande wa chini, palikuwa na doa jeupe la rangi ya kuchorea mistari. Lilikuwa bado linanata.

Dez alikuwa kwenye goli la kusini, anasukuma kigari chake cha rangi. Yeye na mzee Wilf walikuwa hawasemezani tangu jioni ya chemsha bongo ya klabu, walipogombania jina la kipa aliyedaka mkono ukiwa umevunjika mwaka 1949. Wilf alishinda. Dez alisema mshindi kapendelewa.

"Mama jezi! Umekuja kunisaidia?"

"Nimekuja kukuuliza ulifuata nini kabatini."

Kigari kikasimama. "Nani kasema?"

"Rangi yako imesema."

Dez alitazama vidole vyake, kisha akatazama geti, alikokuwa amekaa mzee Wilf.

"Sikiliza. Saa tatu asubuhi niliingia kuchukua chai. Nikaona mlango wa kabati umeachia kidogo. Nikasema, leo nitamkomesha yule mzee, niangalie 1949 mwenyewe. Nikafungua. Daftari halikuwemo."

"Ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Kila mtu anajua nimegombana na Wilf. Lawama zingeniangukia mimi."

"Zimemwangukia yeye, na umeona, na bado ukanyamaza. Una roho ngumu kama goti la beki wetu."

Mstari aliokuwa anauchora ulikuwa umepinda.

"Jana jioni ulimwona nani hapa, baada ya saa kumi na moja?" Noreen akauliza.

"Glenys alipita na seremala kufunga kibao. Clive alileta maboksi ya vitabu saa kumi na mbili, akabaki nyuma akiyapanga. Mimi nikafunga geti saa moja."

Kumbe daftari lilitoka kati ya saa kumi na moja ya Ijumaa na saa tatu ya Jumamosi. Noreen alirudi kuchemsha maji, maana wezi wawepo wasiwepo, watu hutaka chai. Saa sita na nusu wakaletewa boksi la programu. Muuzaji wa getini akaikata kamba, akasoma ukurasa wa kikosi, akapiga kelele:

"Jamani, kipa wamemwandika Ludlam! Si kavunjika kidole jana mazoezini?"

"Programu inachapwa Alhamisi, wewe," mwenzake akamjibu. "Ulitaka mchapaji awe mganga?"

Noreen akachukua moja, akaegemea sufuria la chai, akafungua safu ya Clive, *Je, Wajua?*, kama afanyavyo kila mechi. *Je, wajua kwamba mwaka 1911 mchezo wetu na Pellgate ulisimama dakika ishirini kwa sababu kondoo wa padri waliingia uwanjani? Je, wajua kwamba jezi zetu ni za njano kwa kuwa mtia rangi alikosea dawa, na klabu haikuwa na pesa za kurudia? Je, wajua kwamba bao la Albert Thwaite mwaka 1934 halijulikani lilifungwa dakika ya ngapi, kwa kuwa daftari la katibu halipo tena klabuni?*

Akasoma hadi mwisho, akafunga. Akamwaga chai vikombe sita. Kisha akaliweka birika chini, akafungua tena ukurasa ule ule, akausoma polepole kwa kidole.

Saa saba na nusu alimkuta Clive ukumbini, amevaa koti jipya, anasimamisha vitabu vyake mezani. Glenys alikuwa hapo, na Dez kwenye kizingiti.

"Clive," Noreen akasema, "safu yako huwa unampa mchapaji lini?"

"Jumatano usiku. Anachapa Alhamisi adhuhuri. Kwa nini?"

"Na wewe umejua lini kwamba daftari limepotea?"

"Leo. Saa sita, nilipofika. Glenys ndiye aliyeniambia. Jambo la kusikitisha sana, mzee yule..."

"Basi nisomee hapa. La tatu."

Akamwekea programu juu ya vitabu. Clive alitazama, akaanza kusoma kwa sauti, akafika katikati, sauti ikakatika.

"'Halipo tena klabuni,'" Noreen akammalizia. "Umeandika Jumatano. Ijumaa saa kumi na moja mimi nimelipangusa kabati vumbi kwa mkono huu, na daftari limo. Mwenyekiti, wewe ulijua Jumatano kwamba daftari halitakuwepo leo?"

"Sikujua," Glenys akasema taratibu.

"Hakuna aliyejua, isipokuwa aliyekuwa ameshapanga kuiba."

"Ni namna ya kuandika tu," Clive akasema. "Nilimaanisha, kwa muda mrefu halikuwepo..."

"Jumatatu ulilishika mikononi. Dakika ya bao ndiyo uliyokwenda kuitafuta. Uliiona au hukuiona?"

Clive akakaa chini. Alikuwa mtu mzima wa miaka sitini, lakini alikaa kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

"Ya sabini na moja," akasema. "Dakika ya sabini na moja. Tranter."

"Tranter nani?"

"Sid Tranter. Aliendesha mkokoteni wa makaa. Alikuwa kasimama na watazamaji. Daftari linasema Thwaite hakufika, wakamtoa Tranter jukwaani, wakamwazima viatu. Alicheza siku ile moja tu maishani." Akafunika uso. "Programu ya 1934 ina jina la babu kwenye kikosi. Miaka thelathini naitegemea programu ile! Na ilichapwa Alhamisi, kama hii."

"Na ulipojua?" Glenys akauliza.

"Kitabu kilikuwa kimeshachapwa. Kibao chenu kilikuwa tayari. Mama kanunua gauni. Amekua akiambiwa baba yake ndiye aliyewafunga Albion. Nimwambie nini, na umri ule? Na Wilf angefungua ukurasa wenyewe mbele yake."

"Kwa hiyo ukamwacha Wilf akae nje ya geti kama mbwa," Noreen akasema.

"Nilidhani watasema limepotea tu. Sikudhani mtamshika mtu."

Glenys aligeuza uso. Hilo lilikuwa limempata yeye.

"Liko wapi?" Noreen akauliza.

"Kwenye buti la gari, ndani ya blanketi. Nisingeweza kulichoma. Mniamini hilo."

Dez ndiye aliyekwenda kulichukua. Aliporudi nalo, nyuma yake aliingia Bi Edna, gauni la bluu, fimbo mkononi, amesindikizwa na dereva wa teksi. Saa ilikuwa nane kasoro dakika tano.

"Mbona mmekaa kama mko matangani?" Bi Edna akauliza.

Clive alisimama. Hakuna aliyemsaidia. Akamweleza mama yake yote, mwanzo hadi mwisho: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, na mzee aliyekaa benchi la barabarani. Bi Edna alisikiliza, mikono yote miwili juu ya fimbo.

"Baba yangu?" akasema. "Wewe ulimwamini baba yangu?"

"Mama, yeye alisema..."

"Alisema pia kwamba alimfundisha mfalme kucheza karata. Mama yangu alinieleza nikiwa na miaka kumi: siku ya Albion aliamka saa saba mchana, chini ya meza ya baa. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa unampenda sana. Na kumbe wewe ulininyamazia kwa ajili yangu." Akagonga fimbo sakafuni. "Wajinga wawili. Lakini mimi sijasababisha mtu atolewe getini. Nenda kamlete huyo mzee."

Clive alivuka barabara. Kupitia dirishani walimwona akiongea, wakamwona mzee Wilf akitikisa kichwa. Akarudi peke yake.

"Anasema alitolewa mbele ya watu. Atarudi akiitwa mbele ya watu, na aliyemtoa."

Glenys Horrocks hakubisha. Saa tisa kasoro dakika kumi, watazamaji mia tatu na ishirini na sita walisikia kipaza sauti kikikohoa, kisha sauti ya mwenyekiti ikisema kwamba mzee Wilf Garside ametuhumiwa leo kwa kosa ambalo hakulifanya, kwamba aliyemtuhumu ni yeye Glenys, na kwamba anamwomba msamaha. Aliyeiba hakumtaja hadharani. Clive alikuwa amesimama pembeni yake, na mji ule hauhitaji kutajiwa mambo. Safu yake ilikoma siku hiyo, vitabu vyake vikarudi maboksini, na kibao kikabaki hakijazinduliwa.

Mzee Wilf aliingia kwa geti kubwa, polepole, skafu imekazwa.

"Shikeni pai zenu!" mtu akapaza sauti kutoka jukwaani. "Mwizi huyo anapita!"

"Pai ya hapa nani aibe?" mzee akajibu. "Hata panya wamehama!"

Jukwaa zima likacheka. Akapanda hadi mahali pake, watu wakampisha, na Bi Edna akasogea ili amwekee nafasi. Saa tisa kamili refa akapuliza kipyenga. Saa tisa na dakika nne kipa wa Ormsdale aliyeshika nafasi ya Ludlam aliuachia mpira ukampita kati ya miguu, na wa kwanza kusimama na kumtukana alikuwa mzee Wilf.