Ufa Nyuma ya Kabati

Jumamosi, saa tisa na dakika kumi alasiri, rafiki yangu alisogeza kabati ambalo muuzaji wa nyumba alimwachia kama zawadi. Rafiki yangu huyo ni fundi cherehani. Alinunua nyumba ile kwa sababu hakuweza tena kulala katika chumba alimofia binti yake miezi sita nyuma. Nyuma ya kabati palikuwa na ufa kutoka sakafuni hadi darini.

"Dada, umeuziwa mbuzi kwenye gunia," mwashi aliyemwita kuukagua alimwambia. "Zawadi gani ya kuziba ufa? Kesho naubomoa ukuta huu."

Mwashi alipoondoka, gizani mle ndani ya ufa kukasikika mkwaruzo wa polepole, kama penseli kwenye plasta. Rafiki yangu akamulika. Pasipopenya mkono palikuwa na vistari vya kupimia kimo cha mtoto. Akateremsha futi yake ya kupimia nguo. Kistari cha chini kilikuwa sentimita tisini na nne, kimo cha binti yake siku aliyofariki. Cha juu kilikuwa tisini na saba, na vumbi lake lilikuwa bado linadondoka.

Asubuhi iliyofuata alimpigia mwashi simu asije. Kisha akakaa kwenye cherehani, akashona gauni la mtoto wa sentimita tisini na saba.