Boti Yenye Kiu

Sogeeni, wajukuu. Sogeeni mpaka tugusane magoti. Habari hii ni tamu kama umbea, ila umbea siyo.

Palikuwa na mtoto wa kike, jina lake Otilia. Jino la mbele limeng'oka. Akicheka, ulimi unachungulia.

Otilia alikaa kando ya Ziwa Nyasa. Lakini Baba yake na Mama yake walizaliwa mlimani, juu kabisa, kwenye baridi na mashamba ya kahawa. Mambo ya ziwa walikuwa hawayajui.

Siku moja Otilia akapata mdogo wake. Mtoto wa kiume, mviringo kama andazi. Mashavu tu.

Lakini mtoto hana jina.

Kwa kina Otilia, jina la mtoto hutolewa na Bibi. Kwanza Bibi ampakate. Amtazame usoni. Ndipo aseme anaitwa nani.

Na Bibi alikaa ng'ambo ya ghuba, kwa Shangazi Ewalda. Huko barabara haifiki. Mlima umeshuka mpaka majini, njia ni ya boti tu, nao boti hawakuwa nayo. Na Bibi miguu inamuuma, mlima haupandi tena.

Baba alimpigia simu. Akamwomba amtajie tu jina, yaishe. Bibi akasema hajawahi kumpa jina mtu asiyemwona, na hataanza uzeeni. Kisha akakata simu. Huyo ndiye Bibi.

Basi kila mtu akamwita mtoto anavyotaka. Mama alimwita Mashavu. Baba alimwita Bwana Mkubwa. Otilia hakumwita kitu. Alimnong'oneza sikioni:

"Subiri, mdogo wangu, subiri.
Jina lako liko ng'ambo."

Sasa, pale ufukweni palikuwa na boti. Boti ya zamani, ya mbao, imekaa juu ya mchanga miaka na miaka. Rangi imebanduka. Mashine yake imejaa buibui. Kuku mmoja mwekundu alikuwa anataga ndani.

Mwenyewe alikuwa mzee mwenye duka, aliyehamia mjini. Baba alipomwuliza, mzee alimwambia aichukue tu. Akasema boti isiyokwenda majini ni banda la kuku.

Baba hakuwahi kuwa na boti. Hakuwahi kuwa na hata kasia. Siku hiyo alitembea kifua mbele kijiji kizima, na kila aliyemsalimia aliambiwa, "Naelekea kwenye boti yangu."

Kazi ya kwanza ilikuwa kumhamisha kuku. Otilia alimwekea kikapu chenye majani makavu. Kuku akanuna. Akazunguka kikapu, akakitazama kwa jicho moja. Mwisho akaingia.

"Asante, kuku," Otilia akasema.

Baba akashika msasa. Kwaru, kwaru, kwaru. Otilia naye akashika kipande chake kidogo. Kwaru, kwaru, kwaru.

Fundi akaja kuitazama mashine. Akaifungua, akatoa buibui, akatoa mchanga, akatoa na kiota cha panya. Akaweka plagi mpya.

"Asante, fundi," Otilia akasema.

Jirani akatoa rangi ya kijani iliyobaki alipopaka milango yake. Mama akatoa pamba kutoka kwenye mto wa zamani. Baba akaisokomeza pamba katikati ya mbao, kila penye ufa. Ko, ko, ko, kwa nyundo.

Boti ikapendeza. Ikang'aa kama jani la mgomba baada ya mvua.

Otilia akakimbia nyumbani, akainama kwa mtoto.

"Subiri, mdogo wangu, subiri.
Jina lako liko ng'ambo."

Wakaisukuma boti majini. Otilia akaruka ndani. Baba akaruka ndani.

Chururu, chururu, chururu.

Maji yaliingia huku. Maji yaliingia kule. Maji yakafika kwenye vifundo vya miguu.

Chota, mwaga. Chota, mwaga. Walichota kwa kopo, wakachota kwa sufuria. Maji hayaishi.

Wakairudisha nchi kavu, wamelowa mpaka kwenye nywele.

Baba akafikiri. Mlimani, kitu kikilowa, kinaanikwa. Kahawa inaanikwa. Maharage yanaanikwa. Basi na boti akaianika. Aliigeuza upande huu, jua likaipiga. Akaigeuza upande ule, jua likaipiga. Ilipokauka kau, akaongeza pamba, ko, ko, ko, wakaisukuma tena majini.

Chururu, chururu, chururu.

Mara hii ilivuja zaidi. Maji yakafika magotini kwa Otilia. Chota, mwaga. Chota, mwaga.

Baba akasema haikukauka vizuri. Akaianika tena, siku nyingi zaidi. Nayo ikavuja zaidi tena.

Baba akakaa kwenye mchanga. Akashika tama. Alikaa hivyo mpaka kuku mwekundu akaja kusimama karibu yake.

"Kesho naipasua kuni," Baba akasema.

Otilia akalipapasa ubavu wa boti. Boti ikiwa kuni, nani atawavusha? Na mtoto je, ataitwa Mashavu mpaka aote ndevu?

Akaondoka polepole, akipiga mchanga kwa vidole vya miguu. Akafika mahali akina mama wanapoanika dagaa.

Hapo, wajukuu, ndipo habari za kijiji zinapopikwa na kupakuliwa. Aliyeshika mwiko ni Mama Anzigari. Mama huyo mikono inapindua dagaa, mdomo unapindua watu.

Siku hiyo alikuwa anampindua Baba.

Alikuwa anawaambia wenzake kwamba yule mwanaume wa mlimani anaianika boti kama kahawa. Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama Anzigari akafuta machozi kwa kanga. Akasema, "Boti haianikwi jamani. Boti ile ina kiu. Si ainyweshe maji tu?"

Otilia akatokeza nyuma ya kichanja cha dagaa.

"Shikamooni," akasema.

Kicheko kikakatika. Wengine ghafla wakaona dagaa wanahitaji kupinduliwa sana.

"Marahaba, mwanangu," Mama Anzigari akasema. "Kumbe ulikuwepo."

"Boti inanyweshwaje?"

Mama Anzigari akamtazama. Akaacha dagaa wake, akachuchumaa, macho kwa macho.

Akamweleza kwamba ubao ukikaa juani muda mrefu, unasinyaa. Ukisinyaa, unaachana na mwenzake, na maji yanapata njia. Boti kama hiyo huwekwa kwenye maji mafupi, ikaachwa ijae, ikaachwa inywe. Ikishashiba, mbao zinavimba, zinabanana zenyewe.

"Mbona hamkumwambia Baba?" Otilia akauliza.

Mama Anzigari akajikuna shingo.

"Hakutuuliza," akasema. "Na sisi tulikuwa bado tunaambiana wenyewe kwa wenyewe."

"Asante, Mama Anzigari," Otilia akasema, na mbio.

Baba alikuwa ameshaleta shoka. Otilia akamweleza yote, mbiombio, mpaka maneno yakakanyagana.

Baba akatikisa kichwa. Kila siku anahangaika kuyatoa maji. Leo ayaingize mwenyewe? Aizamishe boti yake kwa mkono wake?

Otilia akafikiri sana. Akalitazama shoka. Akakumbuka jembe.

"Baba, mpini wa jembe ukilegea unaufanyaje?"

"Nautia kwenye ndoo ya maji."

"Kwa nini?"

"Mti unavimba, jembe lina..."

Baba akaitazama boti. Akamtazama Otilia. Akalilaza shoka mchangani.

Kisha akafanya jambo gumu kuliko kusukuma boti. Alikwenda kwa akina mama wa dagaa, akawasalimia vizuri, akawaomba wamfundishe.

Kumbe walikuwa wanasubiri kuombwa tu. Walikuja wote. Aliyejua na asiyejua alikuja. Wakaitoa mashine, wakaiweka pembeni. Wakashika boti huku na huku.

"Haya, vuta. Haya, vuta."

Wakaiingiza kwenye maji mafupi. Wakaweka mawe ndani, itulie.

Chururu, chururu, chururu.

Safari hii hakuna aliyechota. Hakuna aliyemwaga. Maji yaliingia, yakaingia, boti ikakaa chini, glu. Ukingo wa kijani tu ndio ulionekana.

Baba aligeuza uso. Hakuweza kutazama.

Otilia aliigusa boti kichwani, kama mtu anavyomgusa mgonjwa.

"Kunywa," akaiambia. "Kunywa ushibe."

Jua likazama, likatoka. Otilia akaenda kutazama. Boti bado inakunywa. Jua likazama tena, likatoka tena. Bado inakunywa. Samaki wadogo wakaingia kutembea mle ndani, kama wageni waliokuja kuona nyumba mpya.

Nyumbani mtoto alilia usiku na mchana. Otilia akamnong'oneza, lakini safari hii sauti yake ilikuwa ndogo:

"Subiri, mdogo wangu, subiri.
Jina lako liko ng'ambo."

Ndipo asubuhi moja Mama Anzigari akaingia majini mpaka kiunoni. Akapapasa mbao chini ya maji, moja baada ya nyingine. Akasema boti imeshiba.

Wakatoa mawe. Wakatoa samaki. Chota, mwaga. Chota, mwaga. Chota, mwaga. Boti ikainuka kidogo kidogo, ikaelea.

Otilia akaingia. Akakaa katikati. Akatega sikio.

Akasubiri chururu.

Kimya.

Akasubiri tena.

Kimya kabisa. Nyayo zake zilikuwa kavu.

"Baba," akasema taratibu, kama vile boti imelala na hataki kuiamsha. "Haivuji."

Baba akaingia majini na viatu vyake. Akakumbatia boti. Kisha akamkumbatia Otilia. Akataka kumkumbatia na Mama Anzigari, akakumbuka watu wanatazama, akampa mkono.

"Asante, mama," akamwambia. "Asanteni nyote."

Wakairudisha mashine mahali pake. Baba akavuta kamba.

Trr. Puf.

Akavuta tena. Trr, trr. Puf.

Akina mama wakaanza kunong'ona. Baba akatema mate mikononi, akavuta kwa nguvu zote za mlimani.

Trr, trr, trr, dududududu.

Mama akaja na mtoto, amemfunika kwa kitenge kizuri. Wakavaa majaketi ya kuokolea maisha, mmoja mmoja. Mama Anzigari hakualikwa. Lakini alikuwa wa kwanza kupanda, tena akakaa mbele.

Boti ikaenda. Dududududu. Maji yalikuwa yametulia, yanameta. Mtoto alitazama mawingu, akaacha kulia.

Ng'ambo, Shangazi Ewalda aliwaona kwa mbali, akampeleka Bibi kwenye kigoda karibu na maji.

Kabla boti haijasimama sawasawa, Mama Anzigari alikuwa ameshamwambia Bibi kila kitu. Kuku, pamba, kahawa, jembe, yote. Mengine aliyaongeza. Bibi akacheka mpaka kigoda kikatikisika.

Kisha Bibi akanyoosha mikono.

Mama akampa mtoto. Bibi akampakata. Akamtazama paji. Akamtazama pua. Akayatazama yale mashavu. Mtoto naye akamtazama.

Kisha mtoto akamkojolea.

Bibi hata hakushtuka. Machozi yalikuwa yanamtoka taratibu, naye anatabasamu.

"Nilidhani sitamwona," akasema. "Nimemwona. Sina la kuomba tena. Mwiteni Shukuru."

Baba akarudia, Shukuru. Mama akarudia, Shukuru. Mama Anzigari akarudia kwa sauti, ili na nyumba za jirani zisikie.

Bibi akamvuta Otilia karibu, akambusu utosini. Akamwambia asante. Ilikuwa asante moja tu, lakini ilikuwa nzito, na Otilia aliibeba siku nzima.

Walikula ugali wa muhogo na samaki wa kuchoma. Giza lilipoingia, Bibi alitandika mkeka mmoja mpana. Nje, boti ilikuwa imefungwa kamba, inabembea. Maji yaliigonga polepole. Pwa. Pwa. Pwa.

Otilia alilala karibu na mdogo wake. Akamwekea mdomo sikioni. Leo hakumwambia asubiri.

"Shukuru," akanong'ona.

Mtoto akapumua.

"Shukuru."

Macho ya Otilia yakawa mazito.

"Shuku..."

"Shu..."

Na usingizi ukawachukua wote wawili.