Mstari Mwekundu wa Darajani

Kila siku baada ya masomo, Kijiti alipitia darajani kabla ya kwenda nyumbani. Jina hilo alipewa na wenzake wa darasa la sita kwa sababu ya wembamba wake, naye alishalizoea. Kazi ya darajani ilikuwa ya babu yake, ila babu alikuwa ameumia goti, kwa hiyo wiki hiyo mjukuu ndiye aliyeshika zamu. Alishuka ngazi, akasoma ubao wa kipimo uliofungwa kwenye nguzo, kisha akapiga simu kituo cha umeme kule bwawani.

Simu ilipokelewa na mwanamke ambaye kila mtu alimwita Mama Ratiba. Yeye ndiye aliyepanga mitambo mingapi iwashwe, na saa ngapi. Kila mtambo ulipowashwa, maji yalifunguliwa na mto ukapanda. Sheria ilikuwa moja: darajani maji yasivuke mstari mwekundu, sentimita mia mbili, maana ukingoni kulikuwa na bustani za mboga na mafundi wa matofali.

Jumatano Kijiti alisoma harakaharaka, akataja namba na kuondoka. Alipofika nusu ya njia, moyo ukamsuta. Akarudi, akasoma upya na kupiga simu tena.

"Mama, nisamehe. Nilikosea. Ni mia thelathini na nne, si mia arobaini na tatu."

"Haya. Kesho fungua macho, mwanangu."

Alhamisi alikuta mto umebadilika rangi. Maji yalikuwa mekundu kama udongo, yamebeba povu na matawi. Akasoma mara mbili, kidole kikifuata kila mstari.

"Shikamoo, mama. Leo ni mia sitini na nane."

"Marahaba. Ngapi?" Mama Ratiba aliuliza. "Mbona chombo changu cha kupimia maji hapo darajani kinaniandikia mia arobaini? Saa kumi na moja nawasha mitambo minne. Mji mzima unaungoja umeme huo. Hebu kasome tena, unipigie."

Simu ilikuwa kwenye kipaza sauti, na fundi wa matofali aliyekuwa akipanga matofali mabichi pale ukingoni alicheka. "We Kijiti, unabishana na mashine? Mwambie mia arobaini, uende zako. Jana si ulikosea?"

Kweli, jana alikosea. Itakuwaje akikosea na leo? Lakini macho yake hayakuwa yakimdanganya. Alishuka mpaka ngazi ya mwisho, akashika chuma kwa mkono mmoja, akainama. Mia sitini na nane. Hapo akaona bomba jembamba la chombo cha kituo, mdomo wake umezibwa na fundo la majani na matope.

Akapiga simu tena. "Mama, ni mia sitini na nane. Na bomba la chombo chenu limeziba. Nimeliona kwa macho yangu."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mama."

"Basi mvua imenyesha kule kwenye kijito cha milimani, kile kinachoingia mtoni chini ya bwawa. Mitambo minne ingeongeza sentimita sitini." Mama Ratiba akashusha pumzi. "Jana ulikosea, ukanipigia mwenyewe kuniambia. Leo nakuamini. Nawasha miwili tu. Viwanda vitasubiri."

Kijiti hakuondoka. Fundi naye, ingawa alikuwa akinung'unika, aliacha matofali yake akaja kusimama naye. Ilipokaribia saa kumi na mbili, mto ulianza kupanda taratibu, bila kelele, kama kitu kinachovuta pumzi. Mia themanini. Mia tisini. Maji yakagusa safu ya kwanza ya matofali. Mia tisini na sita. Hapo yakasimama.

Fundi akahesabu kwa vidole ile mitambo miwili ambayo haikuwashwa, akatazama matofali yake, kisha akamtazama Kijiti. "Yangefika magotini," alisema polepole. Hakucheka tena.

Jumamosi Mama Ratiba alimwalika kituoni yeye na babu yake, aliyekuja na mkongojo. Kijiti hakuwahi kuona kitu kikubwa namna ile. Mitambo ilinguruma hadi meno yake yakatetemeka, na nyuma ya ukuta maji ya bwawa zima yalikuwa yakisubiri. Juu ya meza ya Mama Ratiba palikuwa na karatasi moja tu, yenye visanduku ishirini na vinne, kimoja kwa kila saa ya siku.

"Nguvu zote hizi," Kijiti alinong'ona, "zinapangwa kwenye karatasi hii?"

"Hii hii. Na mimi nikiwa hapa siuoni mto wako," Mama Ratiba alijibu. "Naona namba tu. Mtu akinipa namba ya kunifurahisha, nitafungua maji nikiwa na furaha, na watu watakufa maji. Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Ukikosea, sema. Usipokuwa na hakika, rudi ukaangalie. Na ukishaona kweli, ishikilie, hata akikubishia mkubwa au mashine."